Namba za Kupikwa, Wagonjwa wa Kweli

Leo naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila familia imekiona: dripu. Mtu anafikishwa hospitali akiwa hoi, homa imempanda, mikono na miguu imepoa. Muuguzi anahangaika kutafuta mshipa, chupa inatundikwa, na ndugu waliosimama mlangoni wanashusha pumzi. Ametundikiwa dripu, wanaambizana. Sasa atapata nafuu.

Ile chupa ina maji gani? Na ni nani aliyeamua yaingie kiasi gani, kwa kasi gani? Daktari wa zamu hakujiamulia tu usiku ule. Anafuata mwongozo wa tiba. Mwongozo uliandikwa na jopo la wataalamu, na jopo lilisoma tafiti za watu ambao wengi wao halikuwahi kuwaona wala kufika kwenye wadi zao. Kila mmoja hapo amemwamini aliyemtangulia. Sasa yule wa mwanzo kabisa, aliyeshika kalamu akaandika kwamba niliwatibu wagonjwa kadhaa kwa maji haya na kadhaa kwa maji yale, na hawa walipata nafuu kuliko wale, akiwa amesema uongo, uongo wake utashuka hatua kwa hatua mpaka uingie kwenye mshipa wa mgonjwa. Na katika safari hiyo yote hapatakuwa na mtu mwingine aliyekusudia ubaya.

Ndiyo maana husikitika ninaposikia udanganyifu wa kitafiti ukizungumzwa kama ugomvi wa maprofesa, fulani kaiba aya za fulani, fulani kavuliwa cheo. Mimi naona ni suala la uhai, na nitawasimulia kisa kimoja kuonyesha kwa nini.

Nchini Ujerumani, katika mji wa Ludwigshafen kando ya mto Rhine, alikuwapo daktari bingwa wa nusu kaputi aitwaye Joachim Boldt. Alikuwa mkuu wa idara katika hospitali kubwa ya mji huo, na katika fani yake jina lake lilikuwa zito. Utaalamu wake ulikuwa hasa juu ya maji ya mshipani, na alijulikana kwa kutetea aina moja: maji yenye wanga. Wanga wa mahindi au wa viazi hubadilishwa kikemikali, ukachanganywa kwenye maji ya kuongezewa mgonjwa. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Maji ya chumvi ya kawaida hayakai sana ndani ya mishipa, huvuja yakaenda kwenye nyama za mwili. Chembe za wanga ni kubwa, kwa hiyo hubaki kwenye mshipa na kuyashikilia maji, na shinikizo la damu la mgonjwa linapanda kwa maji machache zaidi. Kwa mtu aliyepoteza damu nyingi kwenye upasuaji, au ambaye maambukizi yamesambaa mwilini mpaka shinikizo limeporomoka, hilo ni jambo la kutamanika. Wasiwasi ulikuwapo tangu zamani kwamba wanga huo unadhuru figo na kuzuia damu kuganda vizuri. Tafiti za Boldt, moja baada ya nyingine, zilikuwa zikiwatuliza watu kwamba maji hayo ni salama. Na maji hayo, ikumbukwe, yalikuwa ghali kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo walikuwapo waliofurahi kusikia hivyo.

Mwishoni mwa mwaka 2009 alichapisha makala katika jarida la Kimarekani la madaktari wa nusu kaputi, kuhusu wagonjwa waliopasuliwa moyo. Wasomaji kadhaa waliisoma wakaona namba zake zimenyooka mno. Ukipima damu za watu halisi, hata wenye ugonjwa mmoja, majibu hutawanyika: huyu juu, yule chini, mwingine kaachana na wenzake kabisa. Mwili wa binadamu haupendi usawa wa aina hiyo. Katika makala ile vipimo vilikaribiana kiasi cha kutia shaka. Wakamwandikia mhariri, Steven Shafer, naye hakulifunika. Swali likapelekwa Ujerumani, uchunguzi ukafanyika, na haukupatikana ushahidi kwamba utafiti ule ulifanyika kama ulivyoelezwa. Makala ilifutwa mwaka 2010, na mwaka huohuo hospitali ikamfukuza kazi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Njia ya bwana huyu ilikuwa ndefu. Mapema mwaka 2011 wahariri wa majarida zaidi ya 10 walitoa tamko la pamoja wakafuta karibu makala 90 alizoandika au kushiriki kuandika, kwa sababu hazikuwa na idhini ya kamati ya maadili inayotakiwa kabla binadamu hajafanyiwa utafiti wowote. Uchunguzi uliendelea kurudi nyuma kwenye kazi zake za zamani, na leo makala zake zilizofutwa ni zaidi ya 200. Fikiria hilo, msikilizaji. Makala zaidi ya 200, zenye majina ya waandishi wenza, zilizopitiwa na wataalamu kabla ya kuchapishwa, zilizosomwa kwenye vyuo vya udaktari dunia nzima. Miaka yote hiyo wale ambao majina yao yalikaa pembeni ya jina lake huenda hawakuomba kuona majalada ya wagonjwa. Au waliomba wakanyimwa, wakanyamaza.

Mwaka 2013, jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha kazi ya Ryan Zarychanski na wenzake kutoka Kanada. Walikusanya tafiti 38 zilizolinganisha maji ya wanga na maji mengine kwa wagonjwa mahututi, na kati ya hizo 7 zilikuwa za Boldt, zenye wagonjwa 590. Zote zilipowekwa pamoja, picha ilikuwa na ukungu, hatari ya kifo ilikuwa kwenye mpaka wa kusemwa ipo au haipo. Zilipotolewa zile 7, wakabaki wagonjwa zaidi ya 10,000 wa tafiti nyingine, ukungu ukaondoka. Waliopewa maji ya wanga walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 9, na hatari ya figo kushindwa kazi iliyozidi kwa asilimia 27.

Wagonjwa 590 wa mtu mmoja walitosha kuwafumba macho wasomaji wa habari za wagonjwa 10,000. Nimelifikiria sana jambo hilo. Watafiti wengine walikuwa wamefanya kazi ya kweli, kwa jasho lao, na ukweli ulikuwa umeshapatikana. Wale wa nchi za Skandinavia, kwa mfano, mwaka 2012 walitangaza utafiti wa wagonjwa 798 wenye maambukizi makali yaliyosambaa mwilini. Katika kila 100 waliopewa maji ya wanga, 51 walikuwa wamefariki ndani ya siku 90. Waliopewa maji ya kawaida, walikuwa 43. Ukweli ulikuwapo, ila ulichanganywa na tope katika kisima kimoja, na aliyechota hakuweza kuyatenganisha.

Mamlaka ya dawa ya Ulaya iliweka vizuizi mwaka 2013, na mwaka 2022 idhini ya kuuza maji hayo katika nchi za Umoja wa Ulaya ikasimamishwa. Zaidi ya miaka 10 tangu makala ya kwanza kufutwa.

Sasa nawauliza: ni nani aliyekufa kwa ajili hiyo? Nitajieni jina moja. Haiwezekani. Mgonjwa mahututi alikuwa na sababu nyingine za kufa. Daktari aliyemtundikia chupa alifuata mwongozo kwa uaminifu. Alipotoka nje akawaambia ndugu kwamba tumefanya kila tulichoweza, alikuwa anasema kweli. Ndugu walizika, wakasema ni kazi ya Mungu. Aliyebaki hai figo zikiwa zimekufa, akaanza kwenda kusafishwa damu mara kadhaa kwa wiki, naye hakuwa na sababu ya kuiulizia ile chupa. Madhara ya udanganyifu wa namna hii hayana kaburi la kuonyeshwa kwa kidole. Yamo ndani ya tofauti ya 51 na 43, na sheria zetu hazijui kumshtaki mtu kwa tofauti.

Hata pale ambapo mahakama imeingia, tazama imeingia kwa mlango gani. Marekani kulikuwa na daktari mwingine wa nusu kaputi, Scott Reuben, katika jimbo la Massachusetts, aliyebuni data katika makala 21 za tiba ya maumivu baada ya upasuaji. Mwaka 2010 alihukumiwa miezi 6 gerezani. Akaamriwa pia kulipa fidia ya zaidi ya dola 360,000, na fidia hiyo ikaenda kwa kampuni za dawa zilizokuwa zimemlipa afanye tafiti. Aliyetoa hela alirudishiwa. Waliotibiwa kwa kufuata maandishi yake hawakuwa na kiti katika kesi ile.

Naomba sasa tutoke Ulaya na Marekani turudi nyumbani, kwa sababu katika mwaka uleule wa 2011, wakati makala za Boldt zinafutwa, utafiti mwingine juu ya maji ya mshipani ulikuwa unatangazwa, na huu ulifanyika kwetu. Hospitali zilikuwa 6: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza mkoani Tanga, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Ulijulikana kwa jina la FEAST, na kiongozi wake alikuwa Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya kazi Kilifi.

Swali lao lilikuwa hili. Mtoto analetwa na homa kali, anapumua kwa shida au amepoteza fahamu, na damu haifiki vizuri viungoni. Katika nchi tajiri mtoto huyo hupewa maji mengi kwa haraka, ndani ya saa ya kwanza. Katika hospitali zetu nyingi hakuwa akipewa hivyo, na wataalamu wengi waliamini kwamba tunawanyima watoto wetu tiba ya kuokoa maisha. Watafiti wenyewe walikuwa na sababu za kutarajia kwamba maji hayo yangesaidia. Hata hivyo hawakuishia kwenye imani. Watoto waligawanywa kwa kura katika makundi: waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, waliopewa albumini kwa haraka, yaani maji yenye protini ya damu, na waliopewa maji ya polepole tu ya kuwatunza. Wengi wao walikuwa na malaria.

Kamati huru iliyokuwa ikiziangalia namba ilisimamisha utafiti Januari 2011, watoto 3,141 wakiwa wameshaingia. Ndani ya saa 48, katika waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa 10.6 kwa kila 100 kwenye albumini na 10.5 kwenye maji ya chumvi. Katika waliopewa maji ya polepole walikufa 7.3.

Yaani tiba iliyotarajiwa kuokoa ilikuwa inaua watoto watatu zaidi katika kila mia. Kwa mtafiti aliyetumia miaka akiitafuta tiba hiyo, namba hizo ni za kuvunja moyo. Watafiti wa FEAST walizichapisha mwezi Mei mwaka uleule, zikiwa kama zilivyotoka. Wakubwa wa fani katika nchi tajiri walizipinga, wakatafuta kasoro, wakauliza kama watoto wa Afrika ni tofauti. Watafiti wakajibu hoja kwa hoja, kwa data waliyokuwa nayo mkononi, ya mtoto mmojammoja. Shirika la Afya Duniani lilikuja kurekebisha mwongozo wake mwaka 2016. Naona ilichukua muda mrefu mno, na bado najivunia kwamba somo hilo dunia imelipata kutoka Muheza na Mbale.

Tafadhali mfikirie mzazi wa mtoto mmoja kati ya hao 3,141. Amefika usiku, mtoto anamfia mikononi. Mtu aliyevaa koti jeupe anamwambia kuna utafiti, mwanao ataingia kwa kura, unaridhia? Hapakuwa na muda wa kusoma karatasi. Kwa waliokuwa katika hali ya dharura ridhaa ilitolewa kwanza kwa mdomo, maelezo kamili na saini vikafuata hali ilipotulia. Katika pwani yetu ambako hofu ya mumiani haijatoka vichwani mwa watu, na ambako tetesi za watafiti wanaonyonya damu zimewahi kuvuma hata kuizunguka Kilifi yenyewe, mzazi huyo alisema ndiyo. Wapo waliosema ndiyo na mtoto akafa. Kutokana na ndiyo yao, madaktari wameacha kuua watoto wengine.

Anayepika data anaiba ndiyo hiyo. Anapata cheo kilekile, anapanda jukwaa lilelile la mkutano wa kimataifa, bila kumkabili mzazi yeyote usiku. Na siku akibainika, hasara haibaki kwake. Inamwangukia mhudumu wa afya wa kijijini anayepita nyumba kwa nyumba kuomba watu washiriki utafiti wa chanjo, akaulizwa: ninyi si ndio wale waongo tuliowasikia redioni? Atajibu nini? Swali la mwanakijiji ni la haki kabisa.

Tusidhani jambo hili ni la Wazungu wenye maabara kubwa. Wanaofanya kazi za kukusanya takwimu wanajua kinachotokea pale msimamizi anapotaka dodoso 20 kwa siku na njia ni ya mchanga, nyumba ziko mbalimbali, posho haijafika. Kijana anaketi chini ya mwembe, anajaza zilizobaki kwa kukisia. Dodoso la lishe likijazwa hivyo, kata yenye watoto waliodumaa itaonekana inakula vizuri, na mradi utapelekwa kwingine. Kosa la kijana huyo ni kosa, silitetei. Lakini aliyepanga kazi ya siku tatu ifanyike kwa siku moja anajua atakacholetewa. Na vijana wetu wengine, hasa Nairobi, wamekuwa wakiandika insha za wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo, biashara inayojulikana wazi, hadi England ikatunga sheria mwaka 2022 inayofanya kuuza kazi hizo kuwa kosa la jinai. Mteja wa insha hizo kesho anaweza kuwa na shahada ya uuguzi.

Kuna kazi moja nataka niitaje kabla sijamaliza, kwa sababu inaonyesha palipo na dawa. John Carlisle, daktari wa nusu kaputi katika mji wa Torquay, Uingereza, alikuwa mmoja wa wahariri wa jarida la fani yake. Alizipitia tafiti 526 zilizoletwa kwenye jarida hilo kati ya Februari 2017 na Machi 2020. Pale alipokuwa na majedwali ya muhtasari peke yake, aligundua data za uongo katika asilimia 2 tu. Pale alipopata data yenyewe, mgonjwa kwa mgonjwa, aligundua uongo katika asilimia 44. Baadhi ya data hizo aliziomba kwa kuwa alikuwa na shaka tayari, kwa hiyo asije mtu akasema karibu nusu ya tafiti zote duniani ni za uongo. Lakini pengo kati ya 2 na 44 linatisha, kwani linaeleza tumekuwa tukikagua nini miaka yote. Tumekuwa tukikagua muhtasari, na kuandika muhtasari mzuri si kazi ngumu.

Kwa hiyo ombi langu ni la vitendo, na ninalipeleka kwa taasisi za utafiti wa tiba hapa kwetu, NIMR ya Tanzania na KEMRI ya Kenya, na kwa mabaraza ya sayansi ya nchi jirani. Kibali cha maadili kisiwe karatasi ya mwanzo tu. Anayepewa kibali cha kufanya utafiti kwa wagonjwa ajue kwamba siku yoyote mkaguzi anaweza kufika wadini bila taarifa, akaomba fomu ya ridhaa ya mshiriki, akaomba jalada lake, akalinganisha na kilichoandikwa kwenye kompyuta. Data ya kila mshiriki, baada ya kuondolewa jina, ihifadhiwe mahali ambapo mwingine anaweza kuifungua na kuihesabu upya. Muuguzi au mwanafunzi anayeona namba zinabuniwa apate pa kusemea bila kupoteza kazi yake, maana mara nyingi wa kwanza kuujua uongo ni mtu mdogo kabisa kwenye timu. Na kamati ya chuo inayokaa kumpandisha mtu cheo, badala ya kuhesabu makala zake 30, imwombe achague 3, izisome mwanzo hadi mwisho, kisha imwite na kumwambia: tuonyeshe majalada.